Utambulisho Mmoja wa Kimuonekano kwa Matangazo ya Filamu ya Kutisha: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa zaidi na watayarishaji, waongozaji na wabunifu wa michoro wanaojiandaa kuitangaza filamu ya kutisha, hasa pale ambapo bango, kionjo (trela), jalada na picha za mitandaoni vinatengenezwa na watu tofauti kwa nyakati tofauti. Majibu yanategemea kampeni za filamu zinazofahamika, pamoja na hali halisi ya uchapaji na usambazaji katika Afrika Mashariki.

Utambulisho mmoja wa kimuonekano ni nini? Je, si kurudia tu picha ileile kila mahali?

Ni makubaliano kuhusu mambo machache, yaani ishara, rangi, herufi za jina, namna ya mwanga na kitu kinachofichwa, yanayofuatwa katika kila tangazo kiasi kwamba mtu aliyeona kionjo wiki iliyopita akipita mbele ya bango leo anaitambua filamu hata kabla hajasoma jina lake. Kurudia picha moja ni jambo jingine, na mara nyingi ni dalili kwamba hakuna makubaliano yoyote: mtayarishaji anayo picha moja aliyoipenda, kwa hiyo inabanwa, inakatwa na kuvutwa mpaka ienee kila mahali, hata pale inapokata kichwa cha mhusika mkuu.

Filamu ya mapenzi au ya vichekesho inaweza kuuachia uso wa mwigizaji maarufu ubebe mzigo huu. Filamu ya kutisha aghalabu haina nafuu hiyo, kwa sababu waigizaji wake mara nyingi ni wageni kwa watazamaji, na kinachouzwa hasa ni hofu ya jambo ambalo bado halijajulikana. Ndiyo maana msimamo wa ukurasa huu ni kwamba, katika aina hii ya filamu, kukubaliana kuhusu kinachofichwa kuna uzito kuliko kukubaliana kuhusu kinachoonyeshwa. Bango likificha sura ya jini halafu jalada likaianika, kampeni imevunjika, hata kama rangi na herufi zinafanana kabisa.

Kazi hii ianze lini?

Ianze pale muswada unapokamilika, kabla kamera haijawashwa. Picha za matangazo zinahitaji vazi, kifaa, jengo na mwanga ambavyo vinapatikana siku za kupiga filamu tu. Seti ikishabomolewa na mwigizaji akishabadilisha nywele, mbunifu hubaki kuchopoa picha kutoka kwenye video, na picha hizo nyingi ni za giza, zimefifishwa na mwendo, na hazina ukubwa wa kutosha kuchapwa kwenye karatasi ya A1. Kwa hiyo mpigapicha wa picha mnato, yaani picha zisizo za video, apewe mapema orodha ya picha zinazotakiwa, na ratiba ya kila siku imtengee muda wake badala ya kumwachia dakika za mabaki wakati wafanyakazi wanakula.

Wazo hili lina umri wa zaidi ya karne. Mwaka 1920, kabla filamu ya Kijerumani Das Cabinet des Dr. Caligari haijaonyeshwa Berlin, mabango yaliyobandikwa mjini yaliwaamuru wapita njia kwamba lazima wawe Caligari, bila kuwaeleza Caligari ni nani. Aliyeingia ukumbini alikuta amri hiyohiyo imeandikwa hewani ikimwandama mhusika ndani ya filamu, katikati ya mandhari yaliyochorwa kwa mistari iliyopinda. Miaka miwili baadaye, katika Nosferatu, Albin Grau alikuwa mtayarishaji na pia mbunifu wa seti, mavazi na mabango, kwa hiyo mkono uliomchora mnyonya damu kwenye karatasi ndio uliompa sura kwenye skrini. (Kampuni yake ilifilisika muda mfupi baada ya filamu kutoka, na matumizi makubwa ya matangazo yalichangia: ubunifu mzuri haufuti hesabu mbaya.) Si lazima mtu mmoja afanye yote leo, lakini ni lazima mbunifu wa bango na mbunifu wa seti wakae meza moja mapema.

Ishara kuu ya filamu inapatikana wapi?

Itafutwe ndani ya hadithi. Fuvu, kisu kinachovuja damu, mlango uliofunguka kidogo na mwezi mpevu havimilikiwi na filamu yoyote, na mtazamaji amekwisha kuviona mara nyingi mno kiasi kwamba havimwambii lolote isipokuwa kwamba hii nayo ni filamu ya kutisha. Ishara inayofaa ni ile ambayo aliyetoka ukumbini anaijua maana yake, na ambaye hajaingia anahisi tu kwamba ina maana.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni The Blair Witch Project ya mwaka 1999. Ishara yake ni vijiti vilivyofungwa pamoja kwa umbo la mtu, ambavyo wahusika wanavikuta vikining'inia msituni. Umbo hilo likawa nembo ya matangazo, na kwa kuwa lilikuwa rahisi, mtu yeyote aliweza kulichora ukutani kwa mkaa. Tovuti ya filamu ilifunguliwa mwaka 1998, kabla filamu haijafika kwenye sinema, ikieleza mkasa kana kwamba ulitokea kweli, na vipeperushi vya kutafuta watu waliopotea viligawiwa kwa sura ya matangazo ya kawaida ya watu waliopotea. Picha zilikuwa za chengachenga, karatasi zilionekana za bei rahisi, na kila kitu kilifanana na ushahidi uliookotwa, kwa sababu filamu yenyewe ilidai kuwa ushahidi uliookotwa. Mchawi hakuonekana popote, wala ndani ya filamu. Filamu hiyo ya gharama ndogo iliingiza takribani dola milioni 248 duniani.

Mfano wa pili unatuhusu kwa karibu zaidi, kwa kuwa mhusika wake mkuu aliigizwa na Lupita Nyong'o, Mkenya aliyezaliwa Mexico. Us ya Jordan Peele, iliyotoka mwaka 2019, ilijengwa juu ya mkasi wa rangi ya dhahabu, mavazi mekundu na uso unaojitazama. Mkasi ni vipande viwili vinavyofanana vilivyoungwa kwa msumari mmoja, na filamu inahusu watu na wenzao wanaofanana nao. Katika bango lake mashuhuri Nyong'o anatokwa na machozi huku akishika kinyago cha uso wake mwenyewe. Hakuna anayehitaji kuelezwa hadithi ili ashtuke, na wakati huohuo hadithi nzima imo pale kwa aliyekwisha kuitazama.

Kwa anayeanza kutafuta ishara yake, tuchukue filamu ya kufikirika kuhusu kisima kilichofukiwa kijijini. Mbunifu wa haraka ataweka mwanamke mwenye nywele ndefu zilizolowa. Mbunifu aliyesoma muswada ataona kwamba mlangoni kwa kila anayepotea huachwa ndoo yenye kamba iliyokatwa, na kamba hiyo inaweza kuwa mstari mmoja mweupe unaoshuka kutoka juu ya bango, ukapita katikati ya herufi za jina, ukaendelea kwenye mgongo wa jalada, ukashuka katika picha ya wima ya simu, na kukatika katika fremu ya mwisho ya kionjo. Mstari mweupe haugharimu chochote.

Je, tumwonyeshe jini au kiumbe chetu kwenye bango? Tumetumia fedha nyingi kumtengeneza.

Swali hili huja na uchungu ndani yake, na uchungu huo unaeleweka, kwa sababu msanii wa vipodozi amekesha na mpira wa sura umeagizwa mbali. Hata hivyo, katika filamu nyingi jibu ni hapana, angalau mpaka filamu iwe imeonyeshwa kwa wiki kadhaa.

Bango la Alien la mwaka 1979 lilikuwa na yai linalopasuka na kuvuja mwanga wa kijanikijani katika giza, pamoja na kaulimbiu iliyosema kwamba angani hakuna atakayesikia ukelele wako. Yai hilo lilifanana zaidi na yai la kuku kuliko mayai yanayoonekana ndani ya filamu, lakini hakuna aliyelalamika, kwa kuwa bango lilikuwa limeahidi hisia na ahadi hiyo ilitimizwa. Jina la filamu liliandikwa kwa herufi zilizoachana sana juu ya bango, na mwanzoni mwa filamu vipande vya herufi hizo hujitokeza polepole, kimoja baada ya kingine, mpaka jina likamilike. Bango na filamu vinasema kwa lugha moja: utaona kidogo kidogo, na utasubiri.

Longlegs, iliyosambazwa Marekani na kampuni ya Neon mwaka 2024, ilikwenda mbali zaidi. Mwigizaji wake maarufu kuliko wote, Nicolas Cage, alifichwa sura katika matangazo, jambo ambalo meneja wa mauzo wa kawaida angeliona kuwa wazimu. Badala ya uso wake, watu walipewa maandishi ya mafumbo, picha zinazofanana na za kumbukumbu za polisi, na namba ya simu iliyobandikwa kwenye bango la barabarani, ambayo aliyeipiga alisikia sauti ya muuaji. Filamu hiyo iliingiza zaidi ya dola milioni 100 duniani. Kilichoifanya kampeni isimame ni nidhamu: hakuna kionjo, jalada wala picha ya mwigizaji iliyovujisha kile ambacho mabango yalikuwa yanakificha.

Nidhamu hiyo ndiyo ngumu kuliko ubunifu. Mara nyingi siri huvujishwa na mtu wa ndani: msanii wa vipodozi anayejivunia kazi yake kwenye Instagram, au mwigizaji mdogo aliyejipiga picha chumba cha kubadilishia nguo. Makubaliano ya kutoweka picha yaingizwe katika mkataba wa kila mtu, na wahusika wapewe picha nyingine zilizoidhinishwa ili wasikose cha kuweka, kwa sababu katazo lisilo na mbadala huwa halidumu.

Ni lazima rangi ziwe nyeusi na nyekundu?

Si lazima, na katika ukuta uliojaa mabango meusi na mekundu ni afadhali zisiwe hizo. Bango ambalo mbunifu Saul Bass aliichorea The Shining mwaka 1980, baada ya mwongozaji Stanley Kubrick kuyakataa mapendekezo kadhaa, ni la njano kali. Midsommar ya mwaka 2019 ilitangazwa kwa mchana mweupe, anga la buluu na taji la maua juu ya kichwa cha msichana anayelia, kwa kuwa mambo yake ya kutisha hutendeka juani, hadharani, huku watu wakicheza ngoma.

Chagua rangi kuu moja na rangi ya pili inayopingana nayo, halafu uandike namba zake kamili ili kila mbunifu atumie zilezile. Rangi kuu itoke katika filamu yenyewe: mshonaji wa mavazi na mtu wa mwanga wataieleza vizuri kuliko mtu wa masoko. Ikiwa sehemu kubwa ya filamu ya kisima inatokea wakati wa kiangazi, vumbi jekundu la barabara na weupe wa jua la saa saba mchana vina utisho wao, na hakuna bango jingine mjini litakalofanana na hilo.

Herufi za jina zina umuhimu gani?

Zina umuhimu mkubwa kuliko picha, kwa sababu picha hubadilika kutoka tangazo hadi tangazo lakini jina hubaki. Herufi zilizovunjika za Psycho zilibuniwa na Tony Palladino kwa ajili ya jalada la riwaya, na Alfred Hitchcock akazinunua kwa ajili ya matangazo ya filamu yake ya mwaka 1960, kwa hiyo aliyekuwa amekiona kitabu dukani aliitambua filamu mara moja. Jaws ilifuata njia hiyohiyo: mchoro wa Roger Kastel wa papa anayepanda kumwelekea mwogeleaji ulitengenezwa kwa ajili ya toleo la jalada laini la riwaya, kisha ukawa bango la filamu mwaka 1975.

Epuka herufi zinazochuruzika damu, ambazo siku hizi zinafaa zaidi vichekesho. Jina lenye kutisha kwa Kiswahili mara nyingi ni refu, lina maneno mawili au matatu yenye silabi nyingi, na herufi zenye madoido zikibanwa ili litoshe hazisomeki tena. Chagua herufi nyembamba zenye muundo rahisi, kisha uharibu herufi moja tu kwa namna inayotoka katika hadithi. Jina lichorwe mara moja, lihifadhiwe kama picha ya vekta, yaani mchoro unaokuzwa bila kuharibika, na kila anayelihitaji alitumie faili hilo bila kuliandika upya. Hakikisha pia kwamba leseni ya fonti inaruhusu matumizi ya kibiashara, maana nyingi zinazopakuliwa bure ni za matumizi binafsi.

Msambazaji anataka nyuso za nyota wote zionekane kwenye jalada. Tufanyeje?

Majalada ya filamu za Kitanzania, tangu enzi za VHS na DVD, yamezoea kujaza nyuso, na desturi hiyo ilikuwa na akili yake: mnunuzi wa Kariakoo alikuwa akimtafuta mwigizaji, wala si mwongozaji. Usiidharau. Kinachowezekana ni kuzipa nyuso hizo sheria moja, kwa mfano zote zipigwe kwa mwanga wa upande mmoja, zote zitazame chini kuelekea kisimani, au zote zikatwe na mstari wa kamba mahali palepale. Hapo nyota wameonekana na utambulisho umebaki. Kisichokubalika ni kuchukua picha sita zilizopigwa studio tofauti, mmoja akiwa anatabasamu kwa sababu picha ilitoka kwenye sherehe ya harusi, na kuzipanga kama kitambulisho cha mpiga kura.

Kionjo na sauti vinahusikaje na jambo la kimuonekano?

Kionjo ndicho tangazo ambalo watu wengi huliona kwanza, kwa hiyo rangi zake, herufi zake na kasi ya kufunua kwake ndizo bango linapaswa kuzifuata. Maandishi yote ya kionjo yatumie herufi za kampeni, na mwanga usawazishwe na mtu yuleyule aliyesawazisha filamu, au angalau kwa mwongozo wake. Sauti nayo huvuta picha kwenye kumbukumbu. Kionjo cha Us kiliuchukua wimbo I Got 5 on It wa Luniz, ambao husikika pia ndani ya filamu, kikaupunguza kasi mpaka ukatisha. Baada ya hapo sekunde chache za muziki huo zilitosha kumletea mtu mkasi na nguo nyekundu akilini.

Fremu ya mwisho ya kionjo iwe bango lenyewe au kipande chake. Ni jambo dogo linalosahauliwa sana.

Tuandae ukubwa gani?

Bango la sinema la kimataifa huwa na upana wa sentimita 69 na urefu wa sentimita 102, hali karatasi za kwetu hufuata A1, A2 na A3, ambazo ni pana kidogo kwa uwiano. Mitandaoni utahitaji picha ya mraba ya pikseli 1080 kwa 1080, ya wima ya 1080 kwa 1920 kwa ajili ya hadithi za Instagram na hali za WhatsApp, na ya mlalo ya 1280 kwa 720 kwa kijipicha cha YouTube, yaani picha ndogo inayowakilisha video.

Usianze na bango kubwa ukalipunguza. Anza na kijipicha, kwa kuwa simu ndiyo skrini ya watazamaji wengi, na kitu kisichotambulika kwenye upana wa sentimita tatu hakitasaidiwa na ukubwa. Kisha jenga mpangilio wa wima na wa mlalo kama kazi mbili tofauti zinazotumia vipande vilevile. Ishara na jina viwe katika tabaka zinazojitegemea ndani ya faili ili visogezwe bila kuharibu mandhari.

Bango letu linapendeza kwenye kompyuta, lakini likichapwa linakuwa tope. Kwa nini?

Filamu za kutisha huathiriwa na uchapaji kuliko filamu nyingine yoyote kwa sababu ya giza lake. Skrini hutoa mwanga, karatasi haitoi. Kivuli ulichokiona chenye sura ndani yake kwenye kompyuta hufunikwa na wino mpaka kikawa doa. Tena, skrini huchanganya rangi kwa mwanga mwekundu, kijani na buluu, ilhali mashine ya uchapaji hutumia wino wa samawati, majenta, njano na nyeusi, na kijani kinachong'aa pamoja na nyekundu kali havipatikani kikamilifu kwa wino huo.

Badilisha faili kwenda mfumo wa wino nne mapema, ukiwa bado na nafasi ya kurekebisha. Inua vivuli kuliko jicho lako linavyotaka. Kwa eneo pana la giza, wino mweusi peke yake huonekana wa kijivu, kwa hiyo uchanganywe na rangi nyingine, lakini jumla ya wino isizidi kiwango cha karatasi: karibu asilimia 300 kwa karatasi ya kung'aa, na karibu asilimia 240 kwa karatasi ya gazeti, la sivyo karatasi italowa na kuchafua iliyo juu yake. Maandishi madogo meupe juu ya giza hilo yawe manene kidogo, kwa maana wino hutambaa na kuyameza. Picha iwe na nukta 300 kwa inchi kwa ukubwa wa mwisho, na uache milimita 3 za kukatwa kila upande. Mwombe mpiga chapa nakala moja ya majaribio kwenye karatasi itakayotumika, uipeleke nje juani, kisha uitazame tena usiku chini ya taa ya barabarani, kwa kuwa huko ndiko itakakoishi.

Kuna mipaka gani kwa mabango ya barabarani?

Anayeingia ukumbini amechagua kutishwa, lakini mtoto anayepelekwa shule hajachagua. Mwaka 2007 filamu ya Captivity ilitangazwa Los Angeles na New York kwa picha zilizofuatana za mwanamke anayetekwa, kufungiwa, kuteswa na kuuawa. Wananchi walilalamika, mabango yakaondolewa, na chama kinachosimamia madaraja ya filamu Marekani kikasimamisha kwa muda shughuli ya kuipa filamu hiyo daraja. Fedha za matangazo zilipotea, na kilichobaki kwenye kumbukumbu ni ugomvi.

Nchini Kenya, Bodi ya Uainishaji wa Filamu huchunguza filamu pamoja na mabango yake, na madaraja yake ni GE (kwa watu wote), PG (kwa mwongozo wa wazazi), 16 na 18. Tanzania shughuli hizi ziko chini ya Bodi ya Filamu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1976. Peleka mabango pamoja na filamu, na uache nafasi ya alama ya daraja kwenye mpangilio tangu mwanzo, ili baadaye isije ikabandikwa juu ya ishara yako.

Hadithi yetu inahusu majini na imani za watu. Tuchukue tahadhari gani?

Tofautisha kati ya hofu ya kusimuliwa na hofu ambayo watu wameiishi. Popobawa, kiumbe kinachosimuliwa kuwashambulia watu usiku, ni kisa cha kusimulia kwa mtu wa mbali, lakini taharuki ya mwaka 1995 Pemba na Unguja iliwafanya watu walale nje ya nyumba zao, na bango linaloigiza tangazo la kweli kuhusu tukio kama hilo linaweza kuzua jambo ambalo mtayarishaji hawezi kulizima. Maandishi ya kidini yasigeuzwe pambo la kutisha. Na mtu mwenye ualbino asitumiwe kamwe kama ishara ya uchawi au uovu, katika nchi ambazo watu wenye ualbino wamewindwa na kuuawa kwa sababu ya imani hizohizo. Hili halina mjadala wa kisanii.

Vipi kuhusu vituko vya kuvuta watu, mbali na mabango?

Vinafaa sana vikizaliwa na ishara ileile. Mwaka 2022 filamu ya Smile iliwaweka waigizaji katika michezo ya besiboli Marekani, wakiwa wamekaa nyuma ya mpigaji mahali ambapo kamera za televisheni huelekea, wakitabasamu bila kupepesa. Walioyaona mabango waliunganisha mara moja, na ambao hawakuyaona walienda kuuliza. Gharama ilikuwa tiketi na uvumilivu wa mashavu. Kwetu, kituko cha namna hiyo kisiigize mwili wa maiti, utekaji wala tangazo la polisi, kwa sababu watu watapiga simu polisi kwa haki kabisa.

Mwongozo wa chapa, yaani hati ya kanuni za utambulisho huu, uwe na nini?

Kurasa mbili zinatosha: ishara na namna isivyoruhusiwa kutumika, jina katika rangi mbili, namba za rangi, fonti ya maandishi ya kawaida, mifano ya mwanga unaotakiwa, na orodha ya vitu visivyoonyeshwa pamoja na tarehe ambayo kila kimoja kinaruhusiwa kuonekana. Orodha hiyo ya mwisho ndiyo inayoutofautisha mwongozo wa filamu ya kutisha na wa sabuni. Mwongozo utaje pia mtu mmoja, kwa jina, ambaye hakuna tangazo linalotoka bila idhini yake. Kamati huzaa mabango yenye kila kitu.

Picha za akili unde (AI) zitumiwe kwa uangalifu kama zitatumiwa, kwa kuwa kila picha mpya huja na uso, mkono na mwanga tofauti kidogo, na watazamaji wa aina hii ya filamu huzichungulia picha kwa ukaribu wakitafuta dalili zilizofichwa.

Msambazaji au jukwaa la mtandaoni likitaka kubadilisha bango, au tukitengeneza filamu ya pili, tutalindaje kazi yetu?

Filamu ya pili ibakize ishara na ibadilishe kitu kimoja. Saw II ya mwaka 2005 ilitumia vidole viwili kuwa namba mbili ya Kirumi, na mtu hakuhitaji maelezo zaidi.

Kuhusu msambazaji, majukwaa hutengeneza vijipicha vyao, mara nyingi kwa kukata uso kutoka fremu yoyote ya filamu, na fremu hiyo inaweza kuwa ileile mliyoificha kwa miezi sita. Wapeni mapema vijipicha vilivyokwisha kutengenezwa kwa vipimo vyao, vingi kuliko wanavyohitaji, ili wasiwe na sababu ya kutengeneza vyao. Mkataba uwe na kifungu kinachosema kwamba picha yoyote mpya iidhinishwe na mtayarishaji kwa maandishi ndani ya siku zilizotajwa, na mkataba huo uambatanishwe na orodha ya fremu zisizoruhusiwa, kila moja ikiwa na dakika na sekunde yake.